Mlango wa Mama

Mfano huu kwanza aliusimulia Mwinjilisti Anyosisye wa Tukuyu, Jumapili ya Matawi, mwaka 1996. Nausema kama alivyousema.

Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa akingoja washenga wa binti yake. Kwa ajili yao akanunua zulia la kufunika sakafu yote, ukuta hadi ukuta, kuanzia sebuleni mpaka kizingiti cha chumba cha mama yake mzee. Akalitandika mwenyewe, akisaidiwa na shemeji yake, mume wa dada yake.

Zulia la namna ile halitandazwi tu. Kwanza hupigiliwa pembezoni vibao vyembamba vyenye misumari iliyochomoza; kisha zulia husukumwa kwa goti mpaka lishikwe na ile misumari. Mlango wa mbele, watakakoingilia wageni, baba yule alipigilia vibao viwili viwili. Walipofika mlango wa mama, vibao vimekwisha.

"Ng'oa kimoja kule mbele," shemeji akasema.

"Kule wanapita wageni. Huku anapita nani?"

"Mama mkwe, shemeji. Au siku hizi anaruka?"

Wakacheka. Ukingo ukaachwa hivyo hivyo.

Mama akaja, akaugusa kwa mkongojo. "Mwanangu, hapa kwangu pameinuka."

"Inua mguu tu, mama. Wageni wakiondoka nitapigilia."

"Nainua, baba. Ila mguu wenyewe hausikii kama zamani."

Alimsikia. Lakini alikuwa ameinama, akichambua nyuzi mlango wa mbele.

Washenga wakaja, wakavua viatu, wakalisifu zulia. Baba yule akajaa furaha, akaita kwa sauti: "Mama! Njoo usalimie wageni!" Na mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumngojesha mgeni, akaharakisha.

Kilisikika kishindo. Nyonga ilivunjika, hakusimama tena.

Baada ya mazishi baba yule alitafuta vibao, akapiga magoti mlangoni pale, akapigilia mpaka nyundo ikampasua kidole. Leo katika nyumba ile hakuna mahali palipokazwa kama mlango wa mama. Na hakuna anayepita.

Ndugu zangu, sisi tumepigilia wapi? Mbona upole wetu umekazwa vizuri hapa kanisani, ukifika vyumba vya ndani unafumuka? Nani nyumbani kwetu tunamwambia "inua mguu tu", kwa sababu yeye si mgeni, atavumilia? Tusiseme hatukujua. Mama yule alisema, na kwa upole. Wa kwetu nao wamesema. Sisi tulikuwa tumeinama mlango wa mbele.

Mama alifariki kabla ya harusi. Shemeji naye ametangulia. Binti yuko kwake, na mwenye nyumba angali hai. Na wengi tulioketi hapa asubuhi hii, mama zetu wangali hai.