Ngao Iliyolia

Sogeeni, wenzangu, niwape kisa, na atakayepandwa na hasira asiimeze.

Palikuwa na askari, Lugendo, aliyelinda mpaka wa mfalme pamoja na wenzake, maana watu waliambiwa liko zimwi linalokula ng'ombe wa wanyonge. Mwaka wa kwanza aliomba ruhusa arudi kwa mama yake. Mfalme akamwambia, "Ukiondoka, nani atamlinda mamako na zimwi?" Akabaki. Mwaka wa pili akaomba, akajibiwa vilevile, akabaki. Mwaka wa tatu alipoomba, mfalme akamtupia ngao mpya ya ngozi. "Shika hii, unyamaze!"

Ngao ikalia, "Mbooo!"

Lugendo akaigeuza. Akaona kovu la moto, alama aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe. Kumbe ni Nyange, ng'ombe pekee wa mama yake!

"Nani alikuchinja, Nyange?"

"Watu wa mfalme," ngao ikasema. "Nyama kala yeye, ngozi kakupa wewe. Mamako amelia mpaka sauti imemkauka."

Jamani! Miaka yote hiyo wanalinda nini?

Lugendo akaipiga ngao rungu, ikalia tena, na ngao za wenzake zote zikaitikia, kila moja ikimwita mwenyewe kwa jina. Askari wakashika njia ya nyumbani.

Mfalme akapiga kelele, "Rudini! Nani atanilinda mimi na zimwi?"

Lugendo akajibu bila kugeuka, "Zimwi limeshiba ng'ombe zetu, mfalme. Sasa lijilinde lenyewe."