Shimo la Muhanga na Sheria ya Simba

Nianze, nisianze?

Anza!

Mnanisikia, au mnasinzia?

Tunakusikia!

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na Muhanga. Alichimba shimo kwa kucha zake mwenyewe, akachimba, akachimba, mpaka likawa nyumba. Alikuwa mja mzito, na humo ndimo alimotaka kujifungulia.

Mara mama yake akafa. Muhanga akaenda kukaa matanga, kama ada inavyotaka. Kurudi, loo! Ngiri na wanawe wamejaa shimoni.

"Bwana Ngiri, hii ni nyumba yangu."

"Yako wapi, dada? Nimeinunua kwa Fisi, kwa viazi vyangu vyote vya msimu. Kasema mwenye nyumba kahama."

"Hukuuliza majirani?"

Ngiri hakuuliza, zuzu yule.

Muhanga akaenda kwa mfalme Simba. "Ee mfalme, nitolee mtu nyumbani mwangu."

"Sheria ya jambo hilo hatuna," akasema Simba. "Baraza litakaa. Njoo kesho."

Akaenda kesho yake. "Baraza bado linakaa."

Jioni ile mvua ikamwagika, uchungu ukamshika njiani. Akajifungulia matopeni. Kulipokucha, mtoto amekufa kwa baridi.

Akaenda mara ya tatu, macho yamemvimba. Simba akanguruma: "Sheria tayari! Anayekaa kwa mwenzake atoke leo hii. Na anayeuza kisicho chake achapwe mbele ya watu!"

Wanyama wakashangilia. Fisi naye akashangilia, tena kuliko wote, mwanahizaya!

"Basi mchapeni," akasema Muhanga. "Yule pale."

Fisi akacheka. "Dada, sheria imezaliwa leo. Mimi niliuza zamani."

Simba akajikuna shingo. "Kweli. Hapo hatumwezi."

Lakini Ngiri, huyo wanyama walimweza. Walimkokota kwa masikio, yeye na wanawe, viazi hana, nyumba hana. Fisi akaenda zake, tumbo mbele.

Muhanga akaingia shimoni peke yake, akalala pale alipomtengea mwanawe. Nyumba amerudishiwa. Wa kuzaliwa humo hayupo.

Haya, funzo ndilo hili: ukinunua nyumba, waulize majirani kwanza. Nanyi mtakaokuja kutunga sheria, itungeni kabla mtu hajazaa mvuani, na fimbo ianzie kwa muuzaji. Sheria inayomwonea aliyetapeliwa na kumwacha tapeli, hiyo ni sheria gani?

Ngano yangu nimeitua. Ipokeeni.

Tumeipokea!