Sultani Aliyetetemeka Mbele ya Picha

Hapo zamani, katika mji wa Mkandaa, ambako hata mbuzi hutafuta kivuli saa mbili asubuhi, alitawala Sultani Badawi, mtu mwema maadamu hajapata kitu kipya. Siku moja mfanyabiashara wa ng'ambo akamtunukia picha kubwa ya milima iliyofunikwa theluji. Sultani akaitundika barazani, akaikodolea macho, akasema, "Nasikia baridi!" Mawaziri, ambao kazi yao ilikuwa kusikia alichosikia bwana wao, wakaanza kutetemeka.

Basi ikatolewa amri: kila aingiaye barazani atetemeke, na atakayesema kuna joto afukuzwe mjini siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa penye baridi hapahitajiki pepeo, Shekue mpepeaji, fukara aliyeishi kwa sahani moja ya wali wa jumba lile, akaachishwa kazi. Maskini akashinda na njaa siku mbili.

Siku ya tatu akaingia barazani akitetemeka kama ilivyoamriwa, amebeba mablanketi manne na chungu kinachofuka mvuke wa majani ya mwarobaini. Akayafunga madirisha yote.

"Nini hiki, ewe Shekue?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu, nimeambiwa watetemeka siku ya tatu sasa. Kwetu atetemekaye hufukizwa. Mficha maradhi kifo humuumbua! Au bwana wangu hutetemeki?"

Sultani akawatazama mawaziri, mawaziri wakaitazama picha.

"Natetemeka," akasema kwa sauti ndogo.

Ikawa Sultani kufunikwa gubigubi kwa mablanketi, yeye na chungu kile.

"Baridi imepungua, bwana wangu?"

"Bado... kidogo."

"Ongeza!" akadakia waziri mkuu, jasho limemlowesha hadi kilemba. "Baridi hii itatuua!"

Basi likaongezwa zulia juu ya mablanketi. Kitambo kidogo tu, zulia likaruka huku na mablanketi kule, Sultani akachomoka akitweta.

"Joto! Nakufa kwa joto, enyi watu!"

Shekue akainama kwa adabu.

"Bwana wangu, amri ni amri. Niwaite askari wakutoe mjini, ama nilete pepeo?"

Sultani aibu ikamshika, kisha kicheko kikamshinda, akacheka hata akaketi sakafuni.

"Lete pepeo, ewe mjanja! Nawe kuanzia leo sahani zako ni mbili."

Madirisha yakafunguliwa, Shekue akapepea, na kila mtu akajifuta jasho lake waziwazi. Waziri mkuu peke yake aliendelea kutetemeka hadi adhuhuri, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.