Digidigi Aliyesikia ya Moyoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale aliondokea Digidigi mmoja, jike, masikio wima. Alisikia ya mdomoni, akasikia na ya moyoni. Wanyama wakasema, "Ana kipaji." Kipaji gani, jamani? Ukipewa pole, unasikia na kilichojificha nyuma ya pole. Hata usingizi hakuupata vizuri, kwa makelele ya mioyo ya wenzake.

Siku moja mama yake akafa, baada ya kuugua masika yote. Majirani wakaja kuhani. Ngiri akaja, Kanga akaja. Akaja na Mhanga, yule mchimbaji wa mashimo, akaanza kuchimba kaburi. Kwaru, kwaru, kwaru.

Mdomo wa Ngiri ukasema, "Pole, mwanangu." Moyo wa Ngiri ukasema, "Chakula kitaiva saa ngapi?"

Mdomo wa Kanga ukasema, "Alikuwa mtu wa watu." Moyo wa Kanga ukasema, "Alikuwa mchoyo."

Mdomo wa Mhanga haukusema kitu. Moyo wake ukasema, "Mgongo wangu mie. Bibi huyu si angengoja hata wiki moja."

Hasira zikampanda Digidigi.

"Tokeni! Wanafiki nyote. Mnamlilia mama yangu au mnalilia chungu? Nawe Mhanga, toka kwenye kaburi la mama yangu."

Wakatoka, puku puku puku, macho chini. Kaburi likabaki halijafika hata magotini.

Digidigi akachimba mwenyewe. Kwato ndogo, ardhi ngumu. Kwi, kwi, kwi. Udongo ukamcheka. Jua likaanza kushuka. Nyuma ya kichaka akatokea Fisi. Na huyo, wanangu, moyo wake na mdomo wake vilisema neno moja: "Nyama. Nyama. Nyama." Siku nzima ile, mkweli alikuwa Fisi peke yake.

Shimo la Mhanga halikuwa mbali. Digidigi akaita. Mhanga akatokeza pua.

"Baba Mhanga, naomba urudi."

"Nirudi, na mimi ni mnafiki?"

"Nilisikia moyo wako ukinung'unika."

"Ulinung'unika, ndiyo. Mgongo unauma, ulitaka uimbe? Na miguu yangu, wakati huo ilikuwa inafanya nini?"

Digidigi akageuka, akalitazama kaburi.

"Nikuulize, mwanangu. Masika yote ukimuuguza mama, anaugulia usiku kucha, moyo wako wewe haukusema hata mara moja, 'Afe basi, nilale'?"

Digidigi akainamisha kichwa. Ulisema. Ulisema zaidi ya mara moja, na kila asubuhi alimpelekea mama maji vilevile.

Mhanga akatoka shimoni, akaenda, akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Moyo wake ukanung'unika mwanzo mpaka mwisho. Digidigi akausikia wote, asijibu kitu. Mama akazikwa jua likiwa bado lipo. Fisi akaondoka na njaa yake.

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, moyoni hupita mengi. Usimhukumu mwenzio kwa lililopita moyoni mwake, mtazame anafanya nini. Na anayekuombea masikio kama yale, mwambie akae nayo mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, kaburini kwa mama Digidigi. Na aliyewaza moyoni kwamba imekuwa ndefu, namshukuru kwa kukaa mpaka mwisho.