Kilindi cha Bibi Tusekile

Nina kisa cha watu watatu waliochoka. Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja ashike vizuri majina yao, maana nikifika mwisho mimi nitanyamaza na kazi itabaki kwenu.

Juu sana milimani, mahali ambapo nguo huanikwa siku mbili ndipo zikauke, kulikuwa na kijiji kiitwacho Itulike. Chini yake ulipita mto Mwasipa, mto wa maji baridi na kokoto nyeupe, na ndani ya mto waliishi samaki wa madoadoa, wale tunaowaita trauti. Katika kijiji hicho waliishi watu watatu, na kila mmoja alijaliwa jambo lake.

Ambakisye alijaliwa mwendo. Alikuwa mbeba machela. Mgonjwa aliyebebwa naye alisinzia njia nzima mpaka hospitali. Aliyebebwa na wengine alitapika.

Lwitiko alijaliwa macho na vidole. Alikuwa fundi wa saa na redio. Skrubu ndogo kuliko chawa ikidondoka sakafuni, aliinama mara moja tu, akainuka nayo.

Subilaga alijaliwa kuijua baridi. Alikuwa mjane wa kaka yake Ambakisye, na aliuza maziwa. Alitumbukiza kifundo cha mkono mtoni, akatulia kidogo, akasema, "Hapa maziwa yatalala mpaka kesho kutwa," na maziwa yakalala mpaka kesho kutwa.

Wote watatu walikuwa pia wavuvi, kama kila mtu wa Itulike. Ufito wa mwanzi, mshipi, ndoana iliyofungwa unyoya wa shingo ya jogoo. Lakini mto ule ulipita bondeni, chini ya genge refu. Ili uvifikie vilindi, yaani pale maji yanapotulia na samaki wanapojificha, ilibidi ushuke ngazi ya mianzi kwa mikono na miguu, kisha upande tena na samaki mgongoni. Kilindi kimoja tu kilikuwa karibu, hatua kumi kutoka barabarani, chini ya daraja. Hicho kilikuwa cha Bibi Tusekile. Na desturi ya Itulike ilikuwa hii: kilindi kimoja, mshipi mmoja. Mishipi miwili humaliza samaki, na ikishamaliza samaki huanza kumaliza watu. Zamani ndugu wawili waligawana kilindi. Mmoja wao alizikwa, mwenzake akahama. Tangu hapo hakigawanywi.

Mwaka mmoja masika yalipita kiasi. Mlima ukameguka, tope likaingia Mwasipa, likaziba kila upenyo wa kokoto. Samaki wakaelea matumbo juu. Maji yalipokuja kusafika, mto ulikuwa safi na mtupu, kama sufuria iliyooshwa katika nyumba isiyo na unga.

Miezi ya kipupwe, viazi vilipokwisha, watu walikula mboga za majani kwa chumvi, wakatazamana. Ndipo Bibi Tusekile akasimama darajani akasema, "Mimi sina mtoto, na miguu yangu imekwisha. Atakayewarudisha samaki, kilindi changu ni chake."

Watu wakacheka. Samaki si mbuzi, utamfunga kamba umlete? Lakini Subilaga hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku tatu, katika mto Kalambwe, trauti bado walikuwepo, na kwamba wakati wa baridi hufukia mayai yao kwenye kokoto.

Akamwendea Ambakisye. "Shemeji, unaweza kubeba mayai?"

"Ya nani?"

"Ya samaki."

Ambakisye akajikuna kidevu. "Nimebeba mwalimu mkuu mwenye kilo mia. Samaki ambaye hajazaliwa atanishinda?"

Wakaenda. Watu wa Kalambwe waliwaacha wafukue, kwa masharti ya kufukua kidogo. Mayai yalikuwa kama punje za njegere, rangi ya chungwa bivu, na ndani ya kila moja vidoa viwili vyeusi vilitazama nje: macho. Waliyapanga ndani ya chungu, kati ya matabaka ya ule ukoga mnene unaoota kwenye mawe ya mtoni, ukiwa umelowa. Wazee wa kule wakawaambia mambo mawili. Yasitikiswe. Yasipate joto.

Ambakisye alikibeba chungu kifuani, kimefungwa kwa kanga ya Subilaga. Alipanda mawe kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Mahali pa kuruka hakuruka; alikaa chini, akajiburuza kwa makalio, chungu mapajani.

"Shemeji, ungembeba kaka yako hivyo siku ya harusi yetu, asingefika amelewa," Subilaga akamwambia.

"Angefika amelala," Ambakisye akajibu, na hakugeuza hata shingo.

Siku ya pili walifika kileleni, kwenye pango, upepo unakata. Subilaga alikuwa amechoka hata akalala akiwa ameketi. Alfajiri alipoamka alimkuta Ambakisye amejikunyata kando, midomo ya bluu, hana blanketi. Blanketi lilikuwa limezungushwa kwenye chungu, na chungu kilikuwa karibu na makaa.

Subilaga akatumbukiza kifundo cha mkono. Vuguvugu.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimeyafunika. Baridi ilikuwa kali."

"Tuliambiwa yasipate joto!"

"Joto la jua, nilidhani. Mayai yanataka kuatamiwa."

"Ya kuku!"

"Yai ni yai, shemeji."

Subilaga akacheka, kisha kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Tabaka la juu lote lilikuwa jeupe, limekufa. Magoti yake yaliuma, mgongo uliuma, na mbele kulikuwa na siku nzima ya njia. Akakishika chungu, akakiinamisha.

"Tumwage, tushuke nyumbani."

Ambakisye akamshika mkono. Vidole vyake havikuwa na nguvu, kwa vile vilikuwa vimeganda. "Basi unimwage na mimi hapa hapa," akasema. "Siwezi kurudi kijijini na chungu kitupu kwa sababu ya huruma yangu."

Subilaga akakiweka chini. Akatoka nje. Nyasi za kilele zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ule umande unaoganda ukawa kama chumvi ya mawe. Akaanza kuikwangua kwa mikono mitupu, konzi baada ya konzi, akiipakia pembeni ya ukoga, mpaka kifundo chake kikamwambia yatosha. Siku ile nzima alitangulia mbele ya Ambakisye, akitafuta upande wa kivuli, akiwahi sakitu kabla jua halijaila, akirudi na viganja vimejaa. Kufikia jioni ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka na hakuhisi maumivu. Hilo ndilo lililomtisha.

Walipofika Itulike, Ambakisye hakuhisi vidole vya miguu. Havikurudi kuhisi tena.

Lwitiko, aliyeachiwa kazi ya kuandaa mahali pa mayai, aliwapokea kijitoni. Alikuwa amechonga sanduku la mbao lenye wavu chini, maji ya chemchemi yapite. Akayamwaga mayai humo, akayatazama.

"Nusu yamekufa," akasema. "Na maiti huambukiza. Jeupe moja likikaa siku mbili linaota ukungu, linakamata jirani."

"Basi yamekwisha," Subilaga akasema.

"Nendeni mkalale."

Akapiga magoti majini. Kwa kibano chake cha saa akatoa jeupe la kwanza, taratibu, bila kugusa lililo hai. Kisha la pili. Kesho yake alikuwa pale, na keshokutwa. Siku arobaini alipiga magoti katika maji yale, akiinamia mng'ao wa jua juu ya mto, akichagua wafu kati ya walio hai. Subilaga alimletea uji, na kila siku ilibidi amwekee kikombe karibu zaidi na mkono. Siku ya arobaini vitu vidogo kama nyuzi vilianza kujinyonganyonga ndani ya sanduku. Subilaga akapiga vigelegele. Lwitiko akauliza, "Wangapi?" Naye Subilaga akaelewa kwamba fundi haoni tena.

Wakawaachia mtoni. Miaka miwili ikapita, nao watoto wa samaki wakawa samaki.

Sasa sikilizeni vizuri. Kipupwe cha mwaka ule Subilaga alichukua ufito wake akaenda kwenye ngazi ya mianzi. Alishuka vipago sita. Kwenye cha saba vidole vikakataa kukunja. Mwanzi ukateleza kiganjani kama samaki mwenyewe. Akaning'inia kwa viwiko mpaka pumzi ikamrudia, akapanda, akakaa ukingoni. Chini kabisa aliwaona trauti wakigeuka majini, ubavu kwa ubavu. Aliwaleta yeye, na hakuweza kuwafikia. Nyumbani kulikuwa na chumvi na majani. Akawaza kilindi cha chini ya daraja: hatua kumi, ardhi tambarare, jiwe la kukalia. Hakutaka sifa. Alitaka lile jiwe.

Alipoinuka aende, alimwona Ambakisye akija na ufito wake, anachechemea. Ambakisye alitazama ngazi, akatazama miguu yake, akageuza njia kana kwamba alikuwa anapita tu. Naye Lwitiko hakuja hata kwenye ngazi. Saa za watu zililala mezani kwake, zimesimama.

Bibi Tusekile akaita kijiji darajani. Alikuja na ufito wake, mweusi kwa miaka ya viganja.

"Samaki wamerudi," akasema. "Mwenye kilindi ajitokeze."

Hakuna aliyejitokeza.

"Ni Ambakisye!" mmoja akapaza sauti. "Bila mwendo wake mayai yangepondeka kileleni."

Ambakisye akatikisa kichwa. "Mimi niliyapika. Nusu yalikufa chini ya blanketi langu."

"Blanketi lako la pekee, katika baridi ile," mwingine akasema. "Hilo nalo ni kosa?"

"Basi ni Subilaga! Wazo lake, na sakitu yake."

Subilaga angeweza kunyamaza. Alimjua Ambakisye: asingemtaja. Lile jiwe lilikuwa pale, chini ya macho yake, limekaushwa na jua. "Mimi nilitaka kuyamwaga," akasema. "Nilikiinamisha chungu. Shemeji ndiye aliyenishika mkono."

"Basi Lwitiko! Yeye hakukosea kitu."

"Aliyebaki nyumbani kando ya moto atakoseaje?" akauliza mwanamke mmoja.

"Moto gani, dada?" Lwitiko akajibu, akielekeza uso pale sauti ilipotoka. "Mtoni kuna moto? Lakini msinisifu. Siku za mwisho yote yalikuwa meupe machoni mwangu. Niliendelea kutoa. Sijui ni mangapi niliyatupa yakiwa hai."

Kisha kijana mmoja mwenye akili ya haraka akasema, "Wabadilishane! Leo huyu, kesho yule."

Bibi Tusekile akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, mguu unaouma hauumi kwa zamu. Wala tumbo. Kilindi hiki hutoa samaki mmoja kwa siku, na samaki mmoja hushibisha mtu mmoja. Ukimgawa mara tatu, umewanyima watu watatu."

"Basi amua wewe, Bibi. Ni chako."

"Nimechoka," akasema. "Ningekuwa na nguvu ya kuamua, ningekuwa na nguvu ya kuvua."

Akaulaza ufito juu ya ukingo wa daraja, akaenda zake polepole.

Watu nao wakaondoka mmoja mmoja, mpaka wakabaki watatu, wameketi bega kwa bega. Ambakisye alikuwa amenyoosha miguu isiyohisi. Lwitiko alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza maji. Subilaga alikuwa ameficha vidole ndani ya kanga, ile ile iliyobeba chungu. Alijaribu kumchukia mmoja wao, ili mambo yawe rahisi. Akashindwa, hata kuchukia kunataka nguvu.

Chini yao trauti aliruka, akaanguka, na maji yakapiga kofi moja.

"Mkubwa?" Lwitiko akauliza.

"Mkubwa," Subilaga akasema.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Ufito bado uko pale.

Mimi nimefika mwisho wa njia yangu. Mmoja aliwabeba na akawaunguza. Mmoja aliwapoza na akataka kuwamwaga. Mmoja aliwatenga na wafu, na labda akawatupa walio hai. Ondoa yeyote kati yao, na mto ni mtupu. Mpe yeyote kati yao, na wawili watalala njaa. Jua linazama, na usiku wa kule juu una baridi.

Haya, wewe uliyenisikiliza ukiwa umekaa mahali pako pazuri: ungeuchukua ufito ule, ungeuweka mikononi mwa nani?