Yai Kubwa la Bi Madoa

Paukwa!
Pakawa!
Nyinyi wa nyuma, mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, nchi ya Swala ilipenda mpira kuliko majani. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya Kanga, wale ndege wa madoadoa. Huko aliishi Bi Madoa, ambaye Kenge alimlia mayai yake yote. Mama wa watu akawa hali, halali.

Siku moja Swala akapiga shuti. Mpira ukavuka mto, ukatua kichakani, puu! Bi Madoa akauona: mviringo, una madoa kama yeye. “Mola kanirudishia yote kwa mara moja,” akasema. Akaukalia, akaatamia.

Akaja Swala. “Bibi, naomba mpira wetu.”

“Huoni naatamia? Kwetu mama anayeatamia hainuliwi.”

Swala akarudi mikono mitupu.

Akaja Nyani, golikipa wao. “Bibi, hilo si yai.”

“Na wewe ulitaga lini hata ukayajua mayai?” Akamdonoa pua, Nyani akarudi mbio.

Akaja Kobe, refa wao. “Bibi, zimebaki siku ngapi?”

“Kumi.”

“Basi nitangoja nawe.”

Siku ya kumi Bi Madoa akatega sikio. Kimya. Akagonga kwa mdomo. Kimya. Akalia sana, na Kobe hakumcheka.

“Ndani mna upepo tu, bibi.”

“Kumbe yai viza,” akasema Bi Madoa. “Lichukue.”

Swala wakawaalika Kanga kwenye mechi. “Tuje kutazama yai viza likipigwa mateke?” wakajibu Kanga, wakaendelea kuchakura mchwa. Swala wakawacheka, eti hawajui raha.

Bi Madoa akataga tena, safari hii katikati ya miiba, Kenge asikoweza kupita. Vikatoka vifaranga saba. Kanga wote wakapiga kelele, hata Swala wakaacha mechi, wakavuka mto mbio.

“Kuna nini?”

“Vifaranga!”

“Vifaranga tu?” Swala wakageuka, wakaenda zao.

Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. “Leo ni nyinyi msiojua raha.”

Ndiyo maana mpaka leo ziko nchi zinazoulilia mpira, na ziko zisizoinua hata shingo. Kila ndege huruka na ubawa wake. Asiyependa ukipendacho usimcheke; huenda alikiatamia, kikawa viza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa njema, ichukueni nyote. Ikiwa viza, niachieni mwenyewe.