Karatasi Iliyobandikwa Pembeni ya Kioo

Leo nimesimama hapa nikiwa na hasira, wapendwa, na sitaificha nyuma ya tabasamu. Sikilizeni kwanza habari ya fundi mmoja.

Kulikuwa na fundi wa kompyuta aliyetengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Hakuiuza. Yeye na wenzake wachache waliiweka wazi mtandaoni, zahanati yoyote iichukue bure, na mwenye ujuzi aifungue ndani aone ilivyoandikwa. Waliihudumia jioni, wakishatoka kwenye ajira zao.

Sasa, programu huandikwa kwa lugha ya kompyuta, na lugha hizo nazo zina matoleo, la zamani na jipya. Programu ya fundi ilikuwa imesimama juu ya toleo la zamani, ambalo hata wenyewe walioliunda walikuwa wanaliacha, na kasoro zake hakuna tena wa kuziziba. Fundi akaiandika upya juu ya toleo jipya, akatangaza: "Ndugu zangu, baada ya miaka miwili hatutahudumia tena ile ya zamani. Mpya iko tayari, nayo ni bure. Kuhama ni kazi ya siku moja. Atakayekwama anipigie, namba yangu hii hapa." Tangazo hilo likawa linatokea kwenye kioo cha kompyuta kila asubuhi, na chini yake vitufe viwili: Hama Sasa, na Baadaye.

Katika zahanati moja, karani wa mapokezi alimwuliza mganga mfawidhi, "Daktari, hiki kitu kinasema tuhame. Nifanyeje?"

"Dada yangu, foleni si unaiona? Kitu kinafanya kazi, unakichokonoa cha nini? Bonyeza Baadaye, wagonjwa waingie."

Na foleni ilikuwepo kweli, simsingizii. Lakini katika miaka miwili, siku moja haikupatikana?

Miaka miwili ikaisha. Mwezi uliofuata akaja bibi na mjukuu wake wa miaka minne, mtoto anachemka homa. Mama wa mtoto alikuwa safarini, simu haipatikani. Bibi akamwambia muuguzi, "Mwanangu, kuna dawa haipatani na huyu mtoto, mwaka juzi nusura imuue. Jina lake silijui, lakini mliliandika humo kwenye kompyuta."

Programu ikakataa kufunguka. Ilikuwa kasoro inayojulikana, iliyokwisha kurekebishwa kwenye ile mpya. Wakawasha, wakazima, wakawasha tena. Homa inapanda. Muuguzi akachagua dawa, na dawa ikawa ndiyo hiyo hiyo. Mtoto akavimba uso na shingo, pumzi ikawa ya kutafuta. Alilala hospitali ya wilaya siku nne akipumua kwa oksijeni, bibi yake amekaa sakafuni pembeni ya kitanda akijilaumu kwamba hakulijua jina la dawa. Alipona, Mungu ashukuriwe.

Mganga akawaka. Akamwandikia fundi: "Umetutelekeza. Mtoto wa watu nusura afe kwa sababu unapenda vitu vipya. Nakutumia picha ya meza yetu ya mapokezi na kompyuta iliyogoma, ujionee kazi uliyoifanya."

Naona mnatikisa vichwa. Mnasema fundi gani asiye na huruma, angewavumilia kidogo tu. Haya, sikieni alichojibu.

"Poleni, nampa pole mtoto na bibi yake. Nipigieni sasa hivi tuhame pamoja, nitakaa nanyi hadi ifunguke. Ila picha nimeiangalia. Pembeni ya kioo mmebandika kipande cha boksi kwa selotepu. Kimeandikwa: kwanza washa, pili bonyeza Baadaye, tatu ita mgonjwa. Huo ni mwandiko wa nani?"

Ulikuwa mwandiko wa mganga. Yule karani wa kwanza alipohamishwa, mganga alimwandikia aliyekuja nyuma yake ili asimsumbue kwa maswali. Karani mpya hakuwahi kulisoma lile tangazo. Alidhani kompyuta ndivyo inavyofunguliwa.

Mnamkasirikia nani sasa?

Mimi nawakasirikia sisi. Mungu anatuita tuache maisha ya zamani, anatupa mapya bure, anatungoja mwaka baada ya mwaka, na sisi tunabonyeza Baadaye halafu tunaingia humu kuimba. Yuko baba hapa aliyeahidi mbele ya madhabahu hii kwamba hatampiga mke wake tena. Anajijua. Mwaka wa tatu huu anasema ataanza akitulia. Na likitokea la kutokea, atakuja ofisini kwangu kuuliza Mungu alikuwa wapi.

Msidhani mimi nimesalimika. Nina ndugu yangu wa tumbo moja, miaka sita hatusemeshani, kisa mpaka wa shamba. Kila Pasaka nasema nitampigia baadaye. Juzi mwanangu alipita barabarani karibu na baba yake mkubwa, hakumwamkia. Nilipomwuliza, akanijibu, "Baba, si ndivyo tunavyofanya?"

Sikuwahi kumfundisha kwa mdomo. Aliisoma tu karatasi niliyoibandika.

Ibada ikiisha sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nitakuwa nyuma ya kanisa, nampigia kaka yangu. Na wewe baba, nenda nyumbani na mkeo, ukaibandue karatasi yako leo.